Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kilimo Zanzibar: Msitupatie Mbegu Moja kwa Mabonde Yote

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo,
Waheshimiwa watendaji wa Wizara, Unguja na Pemba,
Ndugu zetu watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo Kizimbani,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa bayolojia, mkaazi wa Wilaya ya Wete, na nalima mpunga katika bonde alilolima mama yangu na, kabla yake, bibi yangu. Ninaandika kwa sababu ujenzi wa miundombinu ya umwagiliaji kwa mkopo wa Korea Kusini umegusa mabonde kadhaa, yakiwemo Cheju na Kibokwa kwa upande wa Unguja, Makwararani na Mlemele kwa upande wetu wa Pemba, na kila bonde linapopata maji ya uhakika huzuka suala la mbegu gani ipandwe humo. Kwa kadiri nilivyoshuhudia huku mabondeni, mkulima anapoletewa mbegu huelezwa mambo mawili tu: inazaa kiasi gani na inakomaa kwa siku ngapi. Ninaomba, kwa heshima na taadhima, liongezwe jambo la tatu, nalo ni kinga ya mbegu hiyo dhidi ya blasti, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na kuvu. Na isiishie kusemwa kuwa kinga ipo, bali ielezwe ni kinga ya namna gani, inatokana na jeni (chembe ya urithi) moja au nyingi, na imepimwa wapi.

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Masika moja wakulima wa bonde letu tuligaiwa mbegu mpya na mradi ambao sitautaja, kwani waliotuletea hawakuwa na nia mbaya. Tuliambiwa ni mbegu fupi, yenye mashuke makubwa, isiyoshikwa na maradhi. Miche ilitoka kitaluni ikiwa imenawiri, tukaipandikiza kwa mistari kama tulivyoelekezwa, na tukatia yurea mara mbili. Majanini hatukuona cha kututisha zaidi ya mabaka machache yenye umbo la jicho, kijivu katikati na hudhurungi pembeni. Kisha mvua ikashika, mawingu yakatanda siku nyingi, umande ukawa haukauki mpaka jua lipande sana, na wakati huo mpunga ndio kwanza ulikuwa unachomoza mashuke. Haikupita wiki mbili shingo za mashuke zikageuka nyeusi, na mashuke yenyewe yakasimama wima, meupe na mepesi. Siku ya kupeta, karibu vyote tulivyotia katika ungo vilipeperuka, kwa kuwa vilikuwa mapepe.

Konde lililopakana na langu ni la mama mmoja mzee ambaye hakuichukua mbegu ya mgao. Alipanda ile aliyoirithi, mpunga mrefu wa mchele mwekundu ambao hauzai sana. Mwanzoni nilimhurumia, kwani majani yake yalikuwa na mabaka mengi kuliko yangu. Mabaka yale, hata hivyo, yalikuwa madogo, hayakutanuka, na mashuke yake yalijaa. Hakupata mapolo mengi, lakini alikula na akabakisha mbegu. Mimi niliyefundisha urithi wa sifa skuli kwa miaka mingi, nikichora njegere za Mendel ubaoni, nilijifunza kwa hasara yangu kwamba mmea unaweza kuwa na kinga za aina mbili zilizo mbali kabisa, na kwamba ile inayoonekana nzuri zaidi siku ya maonesho si lazima iwe ndiyo itakayomlisha mkulima.

Blasti huletwa na kuvu anayeitwa Magnaporthe oryzae. Chembe zake za uzazi huruka kwa upepo, hutua juu ya jani lenye unyevu na kunata hapo. Kila chembe huota mrija mdogo ambao nchani mwake hujenga kifuko kigumu, na ndani ya kifuko hicho hujikusanya shinikizo la hadi megapaskali 8, takriban mara 40 ya lile lililomo ndani ya tairi la gari. Kwa nguvu hiyo kuvu hutoboa ngozi ya jani na kuingia. Akishaingia kwenye jani hula sehemu ya jani. Akiingia kwenye shingo ya shuke hukata njia ya chakula cha punje zote zilizo juu yake, na ndiyo maana mkulima anaweza kuona majani yasiyo na dosari kubwa na bado akakosa mavuno.

Kinga ya aina ya kwanza hutokana na jeni moja yenye nguvu. Katika mpunga jeni za namna hiyo hupewa majina yanayoanza na Pi, na watafiti wameshazitambua zaidi ya 100. Kazi yake ni kuitambua protini mahsusi anayoitoa kuvu wakati wa kuingia. Ikitambuliwa, jani huziua kwa makusudi seli chache zinazomzunguka mvamizi, naye akakwama pale pale bila baka la maana kuonekana. Lakini kinga hii ni sawa na mlinzi wa bandari aliyepewa picha moja ya mfanya magendo ya karafuu: maadamu mtu huyo anakuja na sura ile ile, hapiti, siku akinyoa ndevu na kubadili kofia, hupita mchana kweupe. Kuvu hutoa chembe nyingi mno kwa msimu mmoja, na miongoni mwake hutokea iliyobadilika kidogo au iliyoipoteza kabisa ile protini inayotambulika. Ikiwa bonde zima limepandwa mbegu moja yenye jeni hiyo moja, chembe hiyo hukuta mlango wazi wa kila konde.

Kinga ya aina ya pili hutokana na jeni kadhaa, kila moja ikiongeza sehemu ndogo. Haimzuii kuvu kuingia, bali humchelewesha: baka hukua polepole, hutoa chembe chache, na ugonjwa hauwahi kufika kwenye mashuke kwa wingi kabla ya punje kujaa. Huo, naamini, ndio uliokuwa mpunga wa jirani yangu. Mbegu za aina hii hukataliwa kirahisi katika majaribio yanayotazama jani peke yake, kwa sababu zina mabaka.

Ushahidi ulio mrefu zaidi juu ya jambo hili umetoka kwenye ngano. Hatulimi ngano hapa visiwani, lakini hakuna nyumba inayokosa boflo, chapati au mandazi, na maradhi ya ukungu wa majani ya ngano yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Cambridge alionesha kuwa kinga ya ngano dhidi ya kutu ya njano, ugonjwa wa kuvu unaofanya majani yaonekane kama yameshika kutu, hurithiwa kwa kanuni zile zile za urithi alizozigundua Mendel. Tangu hapo wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakiingiza jeni moja baada ya nyingine, na kutu zimekuwa zikiwapita moja baada ya nyingine.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa Uganda. Jeni iitwayo Sr31, iliyohamishiwa kwenye ngano kutoka kwa nafaka nyingine iitwayo rai, ilizuia kutu ya shina kwa muda mrefu kiasi kwamba ilisambazwa katika ngano za mabara mengi. Mwaka 1998 Uganda ilionekana kutu isiyoijali jeni hiyo, ikapewa jina la Ug99. Ilifika Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran, na mwaka 2009 ilithibitishwa Tanzania. Ethiopia nako yapo mafunzo makubwa zaidi, na ningependa kila mgawaji mbegu ayajue. Baada ya kutu ya njano kuwaumiza wakulima wa huko mwaka 2010, wengi walihamia mbegu ya Digalu, iliyohimili kutu hiyo na pia Ug99. Kwa kipimo chochote ilikuwa mbegu nzuri. Mwishoni mwa mwaka 2013, katika eneo la Bale, ilitokea kutu ya shina ya ukoo mwingine usiohusiana na Ug99, nayo ikateketeza makumi ya maelfu ya hekta za mbegu hiyo. Kosa lilikuwa kuipanda Digalu kila mahali.

Sasa itazameni jeni nyingine ya ngano, iitwayo Lr34. Hii haimzuii kuvu mlangoni. Hufanya kazi mmea ukishakua, hupunguza kasi ya kutu ya majani, kutu ya njano na hata ukungu mweupe, na imekuwemo mashambani kwa zaidi ya karne moja bila kushindwa. Ina alama ambayo hata mkulima anaweza kuiona kwa macho: ncha ya jani la juu kabisa hukauka na kuwa njano, kwa hivyo asiyejua huidhania kuwa ni udhaifu. Watafiti waliitenga jeni hiyo mwaka 2009, na mwaka 2016 ikachapishwa taarifa kwamba ilipoingizwa kwenye mpunga kwa njia ya maabara, mpunga ule ulipata kinga ya kiasi dhidi ya blasti. Siombi tuletewe mpunga wa maabara. Nimelitaja hili kwa sababu linaonesha kwamba tabia hii ya kinga ya polepole inavuka mipaka ya mimea, na kwamba mpunga wetu unaweza kufaidika na yaliyojulikana katika ngano.

Katika mpunga wenyewe historia ni hiyo hiyo. Wakorea wanaotusaidia leo kuleta maji mabondeni waliwahi kupita njia hii: mpunga wao wa Tongil, ulioinua mavuno katika miaka ya 1970 na ambao ulisifiwa pia kwa kutoshikwa na blasti, ulishambuliwa vibaya mwaka 1978 baada ya kuvu kubadilika. Naomba Wizara, inapozungumza na wataalamu wao juu ya mifereji na pampu, iwaulize pia juu ya mwaka ule.

Wapo wengine waliochukua njia tofauti wakafaulu. Katika mkoa wa Yunnan, China, mwaka 1998 na 1999 wakulima walipanda mpunga unaonata, ambao ni wenye bei nzuri lakini dhaifu kwa blasti, kwa mistari iliyochanganywa na mpunga chotara wenye kinga. Ukali wa blasti kwenye ule mpunga dhaifu ulipungua kwa asilimia 94 ukilinganishwa na ulipopandwa peke yake. Japani nako, tangu mwaka 2005, mkoa wa Niigata umekuwa ukigawa mpunga maarufu wa Koshihikari kama mchanganyiko wa koo kadhaa zinazofanana kwa ladha na umbo lakini zinazotofautiana kwa jeni za kinga, na uwiano wa mchanganyiko hubadilishwa kadiri kuvu anavyobadilika. Mlaji haoni tofauti yoyote, ila kuvu huiona.

Nimetaja ladha, na najua kuwa hapa ndipo wengi wenu mtasema kwamba watu wa Unguja na Pemba hawataki mpunga wenye kinga, wanataka mchele unaonukia na usioshikana sufuriani. Ni kweli, na sioni aibu kulikiri. Mama hawezi kupika pilau ya harusi kwa mchele usio na harufu kwa sababu tu haukushikwa na blasti. Lakini mambo haya mawili hayana ugomvi wa kudumu. Japani ina mpunga wa kale wa nchi kavu wenye jeni ya kinga ya polepole iitwayo pi21, ambayo wazalishaji walishindwa kuitumia kwa miaka mingi kwa sababu kila ulipozaliwa mpunga wenye kinga hiyo, wali wake ulikuwa mbaya. Mwaka 2009 watafiti walieleza sababu: jirani kabisa na pi21, juu ya kromosomu ile ile, ipo jeni nyingine ndiyo inayoharibu ladha, na hizo mbili zilikuwa zikirithiwa pamoja. Walizitenganisha kwa kuchambua mimea mingi mpaka wakaupata ule uliobeba kinga na kuacha ubaya. Kazi ya namna hiyo inahitaji subira kuliko utajiri.

Wala haiko mbali na uwezo wetu. Mbegu ya Supa BC, iliyotokana na Supa yetu, ule mpunga unaonukia, kwa kutumia mionzi na kisha kuchaguliwa kwa miaka humu humu visiwani, ni ushahidi kwamba Kizimbani wanaweza kuanza na mpunga ambao watu tayari wanaupenda na kuuboresha bila kuupotezea harufu yake. Ninachoomba ni kwamba kazi hiyo ipewe fedha za kudumu, isiwe ya kusubiri mradi uje na uondoke.

Ninaomba pia kwamba mbegu yoyote inayoletwa kwa ajili ya mabonde ya Pemba ipimwe Pemba, wakati wa masika, kwa misimu isiyopungua mitatu kabla ya kugawiwa. Kuvu wa Pemba si lazima awe yule wa Morogoro au Mbeya, na kinga iliyoshinda kule inaweza kushindwa huku. Kitalu cha kupimia maradhi si kitu cha gharama kubwa: mbegu zinazopimwa hupandwa kwa mistari mifupi, katikati na pembezoni hupandwa mbegu dhaifu ili ieneze ugonjwa, mbolea ya naitrojeni huzidishwa na unyevu hulindwa. Pamoja nazo ziwekwe zile mbegu za kupimia zilizotengenezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Ufilipino kwa kushirikiana na Japani, ambazo kila moja imebeba jeni moja ya kinga inayojulikana. Mstari utakaoanguka utatuonesha ni jeni ipi ambayo kuvu wetu ameshaizoea, na tutaacha kununua mbegu inayoitegemea. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za shehia, na yaseme wazi mbegu ilishikwa majanini, shingoni au kote kuwili, kwa sababu mkulima huvuna mashuke.

Katika ugawaji, bonde moja lisipewe mbegu moja. Nafahamu ugumu wake, kwani mashine ya kuvunia inataka mpunga unaokomaa pamoja, na mnunuzi anataka mchele wa aina moja. Hata hivyo, mbegu tatu zinazokomaa kwa siku zinazokaribiana, zilizo na kinga za asili tofauti, zinaweza kugawiwa kwa mapande ya bonde bila kuvuruga ratiba ya maji. Visiwa hivi vinajua hatari ya kutegemea nasaba nyembamba. Mikarafuu yetu ilitokana na miche iliyoletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19, na wazee wetu waliishuhudia ikikauka kwa ugonjwa wa kufa ghafla, ambao watafiti wa miaka ya 1950 waliuhusisha na kuvu.

Jambo ambalo halitaki kusubiri hata msimu mmoja ni mbegu za kale. Yule mama jirani yangu sasa hana nguvu za kwenda bondeni, na watoto wake wako mjini. Mpunga wake umebaki kwenye kibuyu kimoja na katika sehemu ya konde langu. Nyumba kama yake zipo nyingi, kuanzia Konde hadi Mkoani, na kila mwaka baadhi ya mbegu hizo huliwa na panya au hupikwa kwa sababu hakuna wa kuzipanda. Wizara iwatume mabibi na mabwana shamba wazikusanye, waandike jina la mbegu kama mwenyewe anavyoliita na sifa anazozijua, wazihifadhi penye ubaridi, kisha zipimwe katika kitalu kile kile. Sidai kwamba zote zina kinga. Ninachosema ni kwamba mbegu zilizolimwa bila dawa kwa vizazi katika mabonde yenye blasti zinastahili kuulizwa kabla hazijapotea.

Mwisho, naomba ukaguzi wa nafaka na mbegu bandarini utiliwe mkazo. Blasti ya ngano, ambayo kuvu wake ni wa spishi ile ile ya blasti ya mpunga ingawa ukoo wake ni mwingine, ilionekana kwa mara ya kwanza Brazil mwaka 1985. Ilikaa Amerika ya Kusini kwa miaka 30, kisha mwaka 2016 ikazuka Bangladesh na kuathiri takriban hekta 15,000, na mwaka 2018 ikazuka Zambia, katika jimbo la Muchinga, ambalo linapakana na Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kuwa kuvu wa Bangladesh na wa Zambia wametoka katika ukoo mmoja wa Amerika ya Kusini. Ugonjwa wenye tabia hiyo hausafiri kwa upepo peke yake. Husafiri pia ndani ya magunia.

Kwa upande wangu, ninatoa robo eka ya konde langu, karibu na mfereji, itumike bila malipo kwa kitalu cha kupimia kwa muda wa misimu mitatu, na wanawake wanne wa bonde letu wamekubali kushiriki katika kupanda na kuhesabu mabaka tukifundishwa namna ya kuyahesabu. Ardhi italimwa mwezi wa Februari na kitalu cha miche kitatakiwa kiwe tayari kabla ya mvua za mwezi wa Machi. Mbegu ya yule mama, pishi mbili, nimeitenga. Bwana shamba wetu anajua nyumba yangu ilipo.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mpunga,
Wilaya ya Wete, Pemba